Sarafu za fedha za michezo: mwongozo kamili kwa mkusanyaji wa Dar

Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, na zote mbili ni za fedha. Filbert Bayi aliipata yake katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui akapata ya mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Zote zilipatikana Moscow, 1980. Wasovieti walikuwa wameanza kugonga sarafu za fedha za michezo hiyo tangu 1977, na mojawapo, ya rubli 5 ya mwaka 1978, ina wakimbiaji. Medali ya Bayi siwezi kuinunua, lakini sarafu ya wakimbiaji ninayo kabatini Tabata, na nimeipata kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuipanga kwa miezi miwili.

Mimi hununua sarafu yenye hadithi inayotuhusu, na ndiyo njia ninayokushauri. Sarafu za michezo zilizogongwa duniani ni nyingi mno. Ukianza kununua kila inayong'aa utaishia na kopo la vyuma ambavyo huna la kusema juu yake.

Kwanza, neno lenyewe

Kiswahili kinatuweka kwenye kona kidogo. Ukimwambia mtu unatafuta "sarafu ya fedha" anasikia pesa, anakutolea jero mfukoni. Kwa masonara wa Kariakoo sema "silva", wataelewa mara moja. Hapa nitaandika fedha nikimaanisha madini.

Sarafu ya kumbukumbu hutolewa kwa idhini ya serikali au benki kuu ya nchi, ina thamani iliyoandikwa juu yake, lakini imegongwa kuadhimisha jambo. Medali iliyotengenezwa na kampuni binafsi haina thamani hiyo. Inaweza kuwa nzuri, inaweza hata kuwa ya fedha tupu, ila si sarafu, na ukija kuuza utalipwa uzito tu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama ni jina la nchi na kiasi: rubli 5, peso 25, dola 10. Visipokuwepo, mrudishie mwenyewe.

Chagua hadithi yako kabla hujachagua sarafu

Wakusanyaji wengi huanzia Helsinki 1952, kwa sababu markka 500 ya Finland ndiyo sarafu ya kwanza ya Olimpiki ya zama hizi. Ina gramu 12, nusu yake fedha. Zenye mwaka 1952 zipo nyingi. Zenye mwaka 1951 ni chache na bei yake ni ya wenye nazo. Mimi niliiruka, maana mwaka huo hatukuwepo. Orodha yangu ina sharti moja: michezo ambayo Mtanzania alikanyaga, au ambayo alitakiwa akanyage.

Tokyo 1964 ndiyo Olimpiki yetu ya kwanza. Japani iligonga yen 100 (gramu 4.8, fedha sehemu 600 kwa 1000) milioni 80, na yen 1000 yenye Mlima Fuji na maua ya cheri (gramu 20, sehemu 925) milioni 15. Hiyo ya yen 100 ni ndogo, ni rahisi, na ni sarafu nzuri ya kujifunzia. Ni mji huohuo ambako Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Septemba 2025, kwa hiyo hadithi yake imepata mkia mpya.

Mexico 1968 ndiyo ninayompa kila anayeanza. Peso 25, gramu 22.5, fedha sehemu 720, upana milimita 38, na ziligongwa zaidi ya milioni 27. Ina mchezaji wa mpira wa enzi za kale za Mexico, na chini yake pete za Olimpiki. Mji huo ndiko John Stephen Akhwari alikoanguka kwenye marathoni, akaumia goti, akafungwa bandeji, na akamaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Sarafu yenyewe haimtaji Akhwari popote, lakini ukiiweka mezani mbele ya wazee wa umri wangu, ndiye watakayemzungumzia.

Itazame kwa lenzi. Nyingi zina pete zilizokaa sawa kwenye mstari. Baadhi pete ya katikati imeshuka chini. Nyingine, pamoja na pete kushuka, nyoka aliye kwenye nembo ya taifa, upande wa pili wa sarafu, ana ulimi mrefu uliopinda. Aina hizi mbili za mwisho ni adimu kuliko ya kwanza, na muuzaji asiyejua huzichanganya zote kwenye sahani moja. Hapo ndipo lenzi ya shilingi elfu chache inarudisha gharama yake.

München 1972: Ujerumani Magharibi ilitoa mark 10 za michoro sita, gramu 15.5, sehemu 625. Mchoro wa kwanza uliandikwa kuwa michezo iko "in Deutschland". Ujerumani Mashariki ikalalamika kwamba Olimpiki hupewa mji, si nchi, na maandishi yakabadilishwa kuwa "in München". Ni ugomvi wa Vita Baridi uliogongwa kwenye chuma. Herufi ndogo D, F, G au J inakuambia kiwanda kilichoigonga, na ukitaka kujitafutia kazi unaweza kutafuta kila mchoro kwa herufi zote nne. Mimi sikujitafutia.

Christchurch 1974 haikuwa Olimpiki, ilikuwa Jumuiya ya Madola. Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo, na John Walker wa New Zealand akiwa wa pili mbele ya watu wake. Dola moja ya New Zealand ya michezo hiyo ilitoka ya aina mbili: ya shaba na nikeli, iliyo ya kawaida, na ya fedha sehemu 925 kwa ajili ya wakusanyaji. Kwa picha huwezi kuzitofautisha kirahisi. Tutarudi kwake kwenye kupima.

Montreal 1976 ndiyo ya waliokosekana. Dunia ilisubiri Bayi na Walker warudiane. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu. Kanada ilikuwa imegonga sarafu 28 za fedha sehemu 925 kati ya 1973 na 1976: dola 5 za gramu 24.3 na dola 10 za gramu 48.6. Hiyo ya dola 10 ni kubwa kweli, milimita 45, inajaza kiganja cha mtoto. Nina moja tu, na inatosha.

Halafu Moscow: sarafu 28 nazo, za fedha sehemu 900, rubli 5 (gramu 16.67) kumi na nne na rubli 10 (gramu 33.3) kumi na nne. Seti nzima ina fedha safi gramu 630. Usiinunue kwa mkupuo. Anza na ya wakimbiaji, kisha ya kuruka juu, kisha uone kama mbio za kulungu wa barafu nazo zinakuhusu.

Baada ya hapo kuna Los Angeles 1984, Kombe la Dunia la Marekani 1994, la Afrika Kusini 2010, Rio 2016 na kuendelea. Kanuni ni ileile: hadithi kwanza. Tahadhari moja: kadiri unavyokaribia leo ndivyo utakavyokutana na sarafu za rangi, zenye umbo la mpira, zilizotolewa kwa jina la nchi ambayo haikushiriki wala haikuandaa mashindano hayo. Ni halali, lakini nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kabati za wageni na soko lake la pili ni baya. Na kwa kuwa AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, tegemea wachuuzi wa "sarafu rasmi" barabarani. Kisichotangazwa na Benki Kuu usikiite sarafu ya Tanzania.

Vifaa

Mizani ya dijitali ya sonara inayosoma gramu 0.01, lenzi ya kukuza mara 10, venia ya kupimia upana, sumaku yenye nguvu, uzi mwembamba wa nailoni, glasi, na glavu za pamba au vidole vilivyonawiwa vizuri. Vyote vinapatikana Kariakoo kwa kuzunguka nusu siku. Mizani ijaribu dukani kwa kitu unachojua uzito wake kabla hujalipa.

Hesabu ya bei

Kila sarafu ya fedha ina bei mbili: ya madini na ya mkusanyaji. Ya madini unaikokotoa mwenyewe. Zidisha uzito kwa usafi (sehemu 720 kwa 1000 ni 0.720), gawanya kwa 31.1 (gramu za aunsi moja ya madini), zidisha kwa bei ya aunsi ya siku hiyo.

Tuseme aunsi ni dola 40. Peso 25 ya Mexico: 22.5 × 0.720 ni gramu 16.2. Gawanya kwa 31.1 unapata 0.52. Zidisha kwa 40, ni kama dola 20.8. Dola 10 ya Montreal, kwa bei hiyohiyo, inafika karibu dola 57.8. Bei ya fedha hupanda na kushuka sana, kwa hiyo iangalie asubuhi ileile unayonunua.

Kwa sarafu zilizogongwa kwa mamilioni, kama ya Mexico, usilipe mbali juu ya bei ya madini. Kwa zilizogongwa chache, bei ya madini ni sakafu tu. Na hapa linaingia neno prufu: hii ni sarafu iliyogongwa zaidi ya mara moja kwa mihuri iliyong'arishwa, uwanja wake (eneo lisilo na mchoro) kama kioo na mchoro mweupe wa ukungu. Prufu ni namna ya utengenezaji. Watu huichukulia kama alama ya ubora, na muuzaji akikuambia "ni prufu" huwa hajakuambia kama imekwaruzika au la.

Kwa ubora kuna kipimo cha namba 1 mpaka 70, na kampuni za Marekani kama PCGS na NGC hutathmini na kufungia sarafu kwenye visanduku vya plastiki. Kwa sarafu ya dola ishirini, kuituma huko ni kumvalisha kuku kanzu.

Kupima, na hapa usifanye haraka

Sumaku kwanza. Fedha haivutwi. Sarafu ikiruka kwenye sumaku, mazungumzo yameisha. Isiporuka hujathibitisha kitu bado, maana shaba, risasi na nikeli iliyochanganywa na shaba nazo hazivutwi. Inamisha sarafu kubwa na uweke sumaku bapa juu yake: kwenye fedha itateleza polepole, kama inayoburuzwa kwenye asali.

Kisha uzito na upana. Sarafu ya kiwanda haipotezi gramu mbili bila sababu.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji. Funga madirisha, zima feni. Feni ya dari inafanya tarakimu zicheze na utadhani mizani imekufa. Pima sarafu kavu, andika. Weka glasi ya maji nusu juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, ishushe mpaka izame yote bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Itikise kidogo mapovu yatoke. Namba unayoisoma sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kavu kwa namba hiyo.

Peso 25 halisi: 22.5 gawanya kwa 2.25 ni 10.0. Rubli 10 inatakiwa isome kama 3.23, ambayo ni 10.3. Fedha ya sehemu 925 inatoa karibu 10.36. Mark 10 ya München, yenye shaba nyingi, inashuka mpaka 9.86. Shaba na nikeli ni kama 8.9. Sasa rudi kwa ile dola ya Christchurch: ina gramu 27.2. Ya fedha itasoma 2.63 majini, ya kawaida itasoma karibu 3.05. Macho yanaweza kudanganywa na picha, maji hayadanganywi.

Ukimaliza iweke juu ya kitambaa laini, igandamize ikauke. Usifute kwa kusugua. Na prufu iliyo ndani ya kapsuli (kikasha chake cha plastiki ngumu) usiizamishe kabisa. Hiyo unaipima kwa kumjua anayekuuzia.

Nilijifunza haya kwa hasara. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia sarafu tano tofauti za rubli "kutoka kwa mzee aliyesoma Urusi". Nne zilikuwa sawa. Ya tano, rubli 10 ya ndondi, niliipenda kiasi kwamba sikuipima kwa wiki sita. Siku nilipoiweka kwenye mizani ikasoma gramu 26 na ushee badala ya 33.3. Mizani nikaipiga kofi, nikabadilisha betri, nikapima tena. Gramu 26 na ushee. Muda wa kurudisha ulikuwa umepita. Siku hizi mzigo ukifika napima kabla sijavua viatu.

Wapi pa kununua

Masonara wa Kariakoo na wa katikati ya mji, upande wa Kisutu, mara kwa mara wana bakuli la sarafu zilizoletwa kuyeyushwa. Humo utakuta zaidi rupia za Mjerumani na za Kihindi, lakini watu waliosoma Ulaya Mashariki miaka ya themanini walirudi na sarafu, na watoto wao ndio wanaoziuza sasa. Nenda asubuhi, siku ya kazi, na usiulize sarafu kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka pete?"

"Nataka kuona silva za zamani, kama zipo."

"Zipo za kuyeyusha."

"Hizohizo."

Atakutajia bei kwa gramu. Hiyo ndiyo bahati yako, kwa sababu hatofautishi pete za Mexico zilizoshuka na zilizokaa sawa. Usiombe punguzo mpaka umechagua zote, na usioneshe furaha. Utasikia pia habari za rupia inayovuta punje za mchele na kuuzwa mamilioni. Ukimwona anayeisimulia amekaribia, simu yako iwe mfuko wa ndani.

Mtandaoni chaguo ni kubwa zaidi. Nunua kwa muuzaji mwenye historia ndefu ya kuuza sarafu, mwenye picha za pande zote mbili na ukingo, lipa kwa njia inayokuwezesha kudai, usitume pesa moja kwa moja kwa mtu. Omba kifurushi kilichosajiliwa chenye namba ya kufuatilia na bima. Sarafu haziendi kwenye bahasha ya kawaida. Kwenye forodha, tangaza thamani halisi na uwe na risiti. VAT ya mali inayotoka nje ni 18%, na ushuru unategemea fungu (namba ya aina ya bidhaa): 7118 ni la sarafu, 9705 ni la vitu vya wakusanyaji. Muulize wakala kabla hujaagiza, kwa sababu sarafu ya dola ishirini inaweza kufika mkononi kwako ikiwa ya thelathini na tano. Kwa hiyo agiza kadhaa kwa pamoja, gharama ya usafiri igawanyike.

Kuitunza kwenye joto la Dar

Adui wa fedha hapa ni wawili, unyevu na salfa. Salfa ndiyo inayoifanya iwe nyeusi, na unyevu unaiharakisha, hasa wakati wa masika na kwa walio karibu na bahari. Weka kila sarafu kwenye kapsuli ngumu, kapsuli kwenye kopo linalofunga, na ndani tia pakiti za silika jeli, zile zinazokuja na viatu vipya. Zibadilishe kila miezi michache. Usitumie mfuko laini wa plastiki ya PVC. Baada ya muda unatoa ute wa kijani unaokula chuma. Ukiukuta ute huo, asetoni safi ya duka la kemikali inautoa kwa kuchovya tu, mlango ukiwa wazi na hakuna moto karibu. Ile ya kuondolea rangi ya kucha ina manukato, iache. Raba za kufungia na gazeti navyo vina salfa, visikae karibu.

Na usisafishe. Weusi unaoanza ukingoni ukiwa na rangi za dhahabu na buluu, baadhi ya wanunuzi huulipia zaidi. Mama mkubwa wangu alipokuja kutoka Tanga alikuta mark 10 yangu ya München mezani, akaionea huruma, akaisugua kwa majivu na ndimu kama anavyosugua bangili zake. Nilirudi jioni nikaikuta inamulika kama taa ya bajaji. Akaniambia, "Mwanangu, mali unaiacha inaoza." Nikamshukuru, ningefanyaje. Ukiielekeza kwenye mwanga unaona mikwaruzo elfu inayokwenda upande mmoja. Dawa ya meno na magadi hufanya hivyohivyo.

Shika ukingoni, juu ya taulo, wala usiongee ukiwa umeiinamia. Tone la mate huacha doa lisilotoka.

Daftari, na siku ya kuuza

Kila sarafu iwe na mstari wake: nchi, mwaka, kiasi, uzito ulioupima, namba ya maji, bei, tarehe na ulikoipata. Piga picha pande zote mbili. Mwoneshe mtu mmoja nyumbani daftari liko wapi, na mwandikie kwa herufi kubwa zipi hazipaswi kupelekwa kuyeyushwa. Siku ukiuza, masonara watakupa bei ya uzito, na mara nyingi chini yake. Mkusanyaji mwenzako atakupa zaidi, ila utamsubiri. Sarafu za kawaida ziuze kwa pamoja fedha inapopanda. Zile adimu ziuze moja moja, na daftari mkononi.

Mstari wangu wa kwanza unasema: Mexico, 1968, peso 25, gramu 22.47, maji 2.25, Kariakoo. Pembeni, kwa kalamu nyekundu niliyoiongeza miaka miwili baadaye: pete ya katikati iko chini.